Fukwe "Zisizoguswa" za Kusini



Familia tatu tumekubaliana kuwa likizo ya safari hii tusiipeleke Dubai wala nyumbani. Sababu ni vijana wetu. Wamejifunza kuzamia kwa mitungi ya hewa huku Uingereza, katika yale machimbo ya mawe ya Stoney Cove kule Leicestershire yaliyojaa maji ya baridi ya kutia ganzi, na sasa wanataka bahari yenye joto, matumbawe, na samaki wanaoonekana. Wamechagua Msumbiji na Afrika Kusini. Sisi wazee tumepewa kazi ya kupanga na kulipa, khasa kulipa.

Basi tukakusanya vijitabu vya mawakala wa usafiri, tukavitandaza mezani. Picha ni nzuri, hatuwezi kukataa. Tofo, karibu na Inhambane, kuna papa potwe na taa wakubwa wenye mabawa kama mkeka wa jamvi. Visiwa vya Bazaruto kuna nguva, kundi kubwa kuliko yote yaliyobaki katika pwani nzima ya mashariki ya Afrika. Lakini kila kijitabu kina maneno yale yale: fukwe zisizoguswa, visiwa visivyojulikana, bahari isiyo na mwenyewe. Mmoja wetu, mzaliwa wa Kilwa, aliposoma hayo mara ya tatu alikiweka kijitabu chini akauliza, "Zisizoguswa na nani?"

Suala hilo ndilo lililotuharibia jioni ile na nyingine nne zilizofuata, maana badala ya kulinganisha bei za hoteli tukaanza kutoa vitabu kabatini.

Tuanze na Vilankulo, mji ambao watalii huteremkia wakielekea Bazaruto. Kilomita chache kusini yake pana mahali paitwapo Chibuene. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta hapo vyungu na shanga za kioo zilizoingia kwa biashara ya bahari tangu yapata karne ya 7. Yaani kabla ya Kilwa kuwa Kilwa, palikuwa na watu katika ufukwe huo "usioguswa" wakipokea vyombo kutoka ng'ambo na kupeleka shanga bara.

Kaskazini yake ndipo ilipokuwa Sofala. Al-Masudi aliitaja dhahabu yake katika karne ya 10, na Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliambiwa kuwa Sofala ni mwendo wa nusu mwezi. Dhahabu ilitoka bara, katika nchi ya Zimbabwe ya leo, ikateremshwa pwani, ikapanda jahazi kwenda Kilwa, na huko ikalipa ushuru. Ndiyo iliyojenga Husuni Kubwa. Katika magofu ya Great Zimbabwe ilipatikana sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Sarafu moja tu, lakini kwetu sisi ni kama stakabadhi.

Mbona biashara ikakomea Sofala, isiendelee mpaka huko Durban na Cape Town? Jibu ni upepo. Jahazi lililoshuka na kaskazi lilihitaji kuuza, kununua na kugeuka kabla kusi haijaisha, na ukishapita Sofala pepo hizo mbili huwa hazitabiriki tena. Mwenye chombo aliyekwenda mbali zaidi alijua huenda akakwama mwaka mzima. Kwa hiyo mpaka wa kusini wa ulimwengu wa Waswahili haukuwekwa na sultani yeyote. Uliwekwa na kalenda ya pepo, na hata sisi tunaopanda ndege tumeikuta kalenda hiyo hiyo: tumechagua Agosti, kwa kuwa Novemba mpaka Aprili ni majira ya vimbunga, na Idai ya Machi 2019 ilivyoufanya mji wa Beira kila mtu aliona.

Wareno walijenga ngome Sofala mwaka 1505, kwa ruhusa ya Sheikh Yusuf, mzee aliyekuwa kipofu kama wanavyosimulia waandishi wao wenyewe. Mwaka uliofuata walipigana naye, wakamwua. Walichokitaka ni dhahabu, na dhahabu ikawakimbia. Wafanyabiashara wa Kiislamu walihamishia njia zao Angoche na mto Zambezi, ngome ikabaki inalinda mchanga. Hatimaye bahari ikaila, na mawe yake yakachukuliwa kujengea kanisa kuu la Beira mwanzoni mwa karne ya 20. Ukitaka kuiona Sofala leo, basi, nenda ukatazame ukuta wa kanisa.

Ibo na visiwa vya Quirimbas tumevifuta katika ratiba. Vita vilivyoanza Oktoba 2017 kule Mocímboa da Praia vimewakimbiza mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado, wakiwemo Wamwani, ambao lugha yao ukiisikiliza kwa utulivu unaikamata nusu kwa Kiswahili chako. Kwenda kuzamia kwa starehe karibu na watu waliolala katika mahema hakukutupendeza, sembuse hatari yenyewe.

Kilichobaki kaskazini ni Kisiwa cha Msumbiji, na hapa tutachukua nafasi, kwa kuwa ni mahali pa ajabu kwa mhandisi. Kina urefu wa kilomita 3 hivi na upana wa nusu kilomita, na kimeunganishwa na bara kwa daraja refu jembamba lililojengwa miaka ya 1960. Vasco da Gama alikifikia Machi 1498 akamkuta sheikh na majahazi yaliyosheheni. Jina lenyewe inasimuliwa kuwa linatokana na Musa bin Bique, mkubwa wa kisiwa. Hivyo nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni 30, imechukua jina la mzee mmoja wa pwani. Kilikuwa makao makuu ya Wareno mpaka mwaka 1898.

Maji ya kunywa hakuna kisiwani, na ngome ya São Sebastião, iliyoanza kujengwa mwaka 1558, imepangwa yote kwa ajili hiyo. Mvua inayonyesha juu ya mapaa na ua wake inaelekezwa katika birika kubwa chini. Waholanzi waliizingira mwaka 1607, wakarudi tena 1608, na mara zote mbili wakaondoka mikono mitupu. Watu husifu mizinga. Sisi tunalisifu birika.

Jambo la pili si la kusifu. Kusini ya kisiwa ni mtaa ambao Wareno wenyewe huuita mji wa "macuti", neno letu hasa, makuti. Mtaa huo uko chini kuliko barabara, kama umechimbiwa shimoni. Na kweli umechimbiwa. Mawe ya kujengea majumba ya upande wa kaskazini yalikatwa hapo, na shimo lilipobaki ndimo waliomokaa wafanyakazi na watumwa. Mvua kubwa ikinyesha, maji huteremkia kwao. Mhandisi hahitaji hotuba juu ya ukoloni akishaona mwinuko wa ardhi kama ule.

Sasa tuje kwenye kuzamia. Mbele ya ngome ile imelala meli inayodhaniwa kuwa Espadarte ya Wareno, iliyozama 1558 na kaure za Kichina za enzi ya Ming. Kampuni ya biashara ilipewa leseni ya kuitoa, na mwaka 2004 vyombo vyake vikauzwa mnadani Amsterdam. Kaure zile zilivuka bahari mbili, zikakaa mchangani miaka mia nne na zaidi, halafu zikaishia katika makabati ya watu huku Ulaya. Vijana wetu walisema ni wizi. Mwenzetu mwenye duka alisema ni leseni. Hatukufika mwisho wa mjadala huo, na pengine hauna mwisho.

Meli ya pili ndiyo iliyotunyamazisha. Inaitwa São José. Iliondoka Lisbon Aprili 1794, na katika hati ya shehena yake zimeandikwa nondo za chuma zipatazo 1,400. Hazikuwa za kuuza. Zilikuwa farumi.

Msomaji ambaye hakusomea mambo haya atuvumilie kidogo. Meli ya shehena husimama imara kwa sababu uzito umekaa chini, karibu na mkuku. Ukipakia nafaka au sukari, shehena yenyewe inatosha. Lakini ukipakia binadamu, mzigo wako una uzito kama wa maji tu, unachukua nafasi kubwa, tena unasogea. Kitovu cha uzito kinapanda na meli inaanza kulewa. Kwa hiyo inabidi utie chuma, ambacho ujazo ule ule una uzito mara saba na zaidi, kufidia wepesi wa watu. Kuna mtu aliyekaa Lisbon na kalamu, akakokotoa. Alikuwa mhandisi wa namna yake, na hesabu yake haina kosa. Vijana walituuliza kama mzamiaji anapovaa mkanda wa risasi kiunoni ili asielee ni hesabu hiyo hiyo. Ndiyo, ni hiyo hiyo.

São José ilipakia watu zaidi ya 400 katika Kisiwa cha Msumbiji, ikang'oa nanga mwanzoni mwa Desemba 1794, ikielekea Maranhão, Brazil. Ilikuwa miongoni mwa meli za kwanza kujaribu njia hiyo ndefu. Katika miaka iliyofuata, kati ya 1800 na 1865, inakadiriwa kuwa watu wapatao 400,000 wa Afrika Mashariki walipelekwa Brazil. Tarehe 27 Desemba, ikijaribu kujikinga na upepo mkali karibu na Cape Town, iligonga mwamba, karibu na ufukwe kiasi cha kuwaona watu waliosimama nchi kavu. Nahodha na mabaharia waliokoka. Watumwa zaidi ya 200 walikufa maji. Waliosalia waliuzwa hapo hapo Cape. Nahodha akatoa maelezo yake mbele ya wakubwa wa Kiholanzi, akaeleza hasara, na maelezo hayo yakawekwa katika nyaraka.

Wazamiaji wa kutafuta hazina waliifikia meli hiyo miaka ya 1980, wakadhani ni ya Waholanzi. Ni baada ya watafiti wa makumbusho ya Iziko kuyapata maelezo ya nahodha, na kuyalinganisha na ile hati ya Lisbon, ndipo zile nondo za chuma baharini zilipoeleweka. Habari ilitangazwa mwaka 2015. Juni ya mwaka huo Wamakua wa Mossuril, ng'ambo ya Kisiwa cha Msumbiji, walitoa kikapu cha udongo wa kwao, na wazamiaji kutoka Msumbiji, Afrika Kusini na Marekani wakaumwaga baharini mahali pale.

Mahali pale ni Clifton. Ndugu msomaji, kifungue kijitabu chochote cha likizo za Cape Town utauona: mchanga mweupe, nyumba za matajiri mlimani, na tarehe 27 Desemba, kilele cha kiangazi chao, miavuli haina nafasi. Maji ni ya baridi kama ya Stoney Cove, kwa kuwa ni upande wa Atlantiki. Meli yenyewe inalindwa na sheria ya urithi ya mwaka 1999, huruhusiwi kugusa kitu. Vijana wanasema wao wanataka kwenda wakasimame ufukweni tu. Mmoja wa mama zao amesema likizo si matanga, na pesa za matanga hatukuzitenga. Wote wawili wana haki.

Kwa upande wetu tumependekeza Durban badala yake. Kusini ya mji huo, kutoka Umkomaas, ndipo mashua za wazamiaji huondokea kwenda mwamba wa Aliwal Shoal, na vijana watapata papa wao. Tena mtu aliyezamia mfululizo haruhusiwi kupanda ndege mpaka zipite saa 18 hivi, naitrojeni itoke mwilini. Kwa hiyo lazima tutabaki na siku moja mikavu, na siku hiyo tunajua pa kuipeleka.

Mwaka 1873, ule ule ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba, manowari za Kiingereza zilianza kuwateremsha Durban watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua, wengi wao Waislamu, na kwa kuwa walipitia Unguja wakaitwa Wazanzibari. Waliambiwa wako huru, kisha wakaandikishwa mikataba ya kazi ya miaka kadhaa, maana Natal ilikuwa na mashamba ya miwa na upungufu wa mikono. Baadaye walikaa King's Rest, kwenye kilima cha Bluff kinachoitazama bandari, wakashika dini yao na lugha yao. Ilipokuja serikali ya ubaguzi ikashindwa kuwaweka katika mafungu yake. Weusi hawa, Waislamu hawa, na jina lao ni la kisiwa! Makarani wakawaandika "Waasia wengineo". Miaka ya 1960 wakahamishwa kwa nguvu kutoka Bluff, kwa kuwa kilima kimetengewa Wazungu, wakapelekwa Chatsworth kwenye mitaa ya Wahindi. Wajukuu wao wapo huko hadi leo.

Tiketi hazijakatwa bado. Agosti haiko mbali, na hatupendi kwenda Chatsworth kama watalii wa kupiga picha. Kama kuna msomaji wa jarida hili mwenye jamaa au rafiki miongoni mwa Wazanzibari wa Durban, tunamwomba atuandikie kupitia kwa mhariri, ili tupate mtu wa kutupokea, na tujue tubebe zawadi gani.