Shambhala, ufalme uliohamahama

Kabla jua halijachomoza katika Jangwa la Gobi, si mbali na mji wa Sainshand nchini Mongolia, mahujaji hupita katikati ya stupa 108, minara mifupi myeupe ya ibada iliyozungushwa kama ua. Ndani ya ua huo ardhi ni nyekundu kama tofali. Wengi hujilaza chali juu yake, mikono wameitandaza, wakingoja miale ya kwanza. Wanaamini kwamba hapo ndipo penye lango la Shambhala.

Habari za Shambhala zimo katika maandiko ya Kalachakra, yaliyotoka India na kufika Tibet katika karne ya 11. Ni ufalme wa haki uliofichika kaskazini, nyuma ya milima ya theluji. Wachoraji wa hekaluni huuchora kama ua la yungiyungi lenye petali nane, na katikati umekaa mji mkuu, Kalapa. Lakini ukishusha macho hadi chini ya mchoro, utulivu wote unakwisha: farasi wanakanyagana, mikuki imechomoza, watu wanaanguka. Huyo ni mfalme wa 25, Rudra Chakrin, ametoka na jeshi lake kuwafyeka maadui wa dini ili zama za neema zianze. Hesabu za wanajimu wa Kalachakra zinaiweka vita hiyo mwaka 2424.

Aliyekua akisimuliwa habari za Imam Mahdi na Dajali hatapata shida kuielewa hadithi hii. Kitakachomshtua ni kwamba maadui wanaotajwa katika andiko lenyewe ni Waislamu, kwani liliandikwa enzi ambazo majeshi yao yalikuwa yakiingia India kaskazini. Adui huyo hakudumu. Kila kizazi kiliweka wake, na Shambhala yenyewe ikahamishwa kufuata mahitaji.

Wamongolia waliupokea Ubudha wa Tibet kwa wingi baada ya mwaka 1578, mtawala wao Altan Khan alipokutana na kiongozi wa dini wa Tibet na kumpa cheo cha Dalai Lama. Karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1775, Panchen Lama Lobsang Palden Yeshe, kiongozi mwingine mkuu wa dini huko Tibet, aliandika kitabu cha kuelekeza njia ya kwenda Shambhala. Ikaenea imani kwamba Panchen Lama ndiye atakayezaliwa tena kama mfalme yule wa mwisho. Tangu hapo, katika mahema ya sufu ya wafugaji, kumngoja mfalme kulikuwa sawa na kumngoja Panchen Lama.

Mwanzoni mwa karne ya 20 akatokea Agvan Dorzhiev, lama (mtawa wa Kibudha) wa kabila la Waburyat wa Siberia na mwalimu wa Dalai Lama wa 13. Alitaka Tibet ijikinge na Waingereza kwa kuegemea Urusi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama Shambhala iko kaskazini, basi ni Urusi, na mfalme wake ni Tsar. Hekalu alilolisimamia Saint Petersburg liliwekwa wakfu kwa Kalachakra, na ibada ya kwanza ikafanyika mwaka 1913, ukoo wa Tsar ukiadhimisha miaka 300 ya utawala.

Miaka minane baadaye Tsar hakuwepo tena, ila Shambhala ilikuwepo. Wapiganaji wa mapinduzi ya Mongolia ya 1921, chini ya Sükhbaatar, waliingia vitani na wimbo wa Shambhala ya Kaskazini. Mwaka 1927 mchoraji Mrusi Nicholas Roerich aliipa serikali ya mapinduzi picha ya mtawala wa Shambhala akiwa juu ya farasi.

Serikali hiyohiyo ilipoanza kutaifisha mifugo na mali za monasteri, hadithi iliigeuka. Mwaka 1932 uasi mkubwa ulilipuka, ukaongozwa kwa sehemu na malama. Panchen Lama wa wakati huo alikuwa uhamishoni China tangu miaka ya 1920, na uvumi ukawa kwamba yuko njiani na jeshi la Shambhala. Hakuja. Uasi ulizimwa, na kati ya 1937 na 1939 malama zaidi ya 15,000 waliuawa. Dorzhiev naye alifia kizuizini mwaka 1938.

Mwaka huohuo zamu ilifika kwa Khamar, monasteri iliyo jirani na ua ule wa stupa. Ilijengwa na Danzanravjaa (1803–1856), lama, malenga na mtunzi wa michezo ya kuigiza. Wakati inavunjwa, mlinzi wa mali zake, Tudev, alikuwa akitoka usiku na kufukia makasha jangwani: vitabu, sanamu, nguo za maigizo. Aliokoa makasha 64, akamwonyesha mjukuu wake yalipo, wakanyamaza. Dini iliporuhusiwa tena, mjukuu alianza kuyafukua, na mwaka 1991 jumba la makumbusho la Danzanravjaa likafunguliwa Sainshand.

Stupa 108 nazo zimejengwa upya. Mahujaji wanaojilaza kwenye udongo ule hawabebi mikuki, wala hawaulizi mwaka 2424 utafika lini. Jua likishapanda hujikung'uta vumbi na kurudi kwenye magari yao.