Safu ya lugha: Mfumo

"Mfumo unasumbua, njoo kesho." Maofisini neno hili limegeuka jina la kompyuta, na hapo tunalipunja. Neno mfumo limetokana na kufuma: kupitisha mshindio kati ya nyuzi za mtande mpaka kitambaa kishikane. Kompyuta ni chombo tu. Mfumo ni namna taarifa zinavyoshikana.

Tazama duka la jumla. Karani akiuza katoni ya sabuni, hesabu ya stoo inapungua palepale, risiti inatoka, deni la mteja linaandikwa, na meneja anaona mzigo unakaribia kwisha, anaagiza mapema. Yote kwa ingizo moja! Namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali ya Tanzania nayo hufanya hivyo: unalipa kwa simu au benki, na taasisi husika inaiona pesa yako.

Lakini mtunza stoo akiwa na daftari lake, mhasibu lake, keshia lake, hata kwa kompyuta kumi hapo hapana mfumo. Mwenye biashara, kabla hujalipia programu, waketishe watu hao watatu mkubaliane nani anaingiza nini, na saa ngapi.