Mtaji Mezani: Namna Kampuni Changa Zinavyopimwa na Jopo la Wawekezaji

Mashindano ya kunadi biashara, ambayo vijana wetu huyaita kupichi, ni kikao ambacho mwanzilishi wa kampuni changa hupewa muda mfupi, aghalabu dakika tatu hadi kumi, aeleze anauza nini, anamuuzia nani, anapata kiasi gani na anataka fedha za kazi gani. Mbele yake huketi jopo la watu watatu, wanne au watano. Akimaliza kueleza huulizwa maswali, na hapo ndipo mtihani wenyewe ulipo. Maneno ya mwanzo mtu anaweza kuyakariri nyumbani mbele ya kioo. Majibu hayakaririki.

Wengi huchanganya vikao vya aina mbili, na kosa hilo limewagharimu watu. Kuna jopo ambalo majaji wake ni waamuzi tu. Wao hutoa alama, na fedha hutoka kwa mwandaaji kama zawadi au ruzuku. Mfano ni mpango wa wajasiriamali wa Tony Elumelu Foundation, ulioanza 2015, ambao huwapa vijana wa Kiafrika dola 5,000 zisizorudishwa. Ukifaulu, biashara inabaki yako yote. Aina ya pili ni jopo ambalo majaji ndio wenye mtaji. Shilingi inatoka mfukoni mwao na wanataka sehemu ya kampuni. Hapo hujashinda zawadi. Umepata mbia, na mbia huyo atakuuliza hesabu mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa tatu.

Aina hiyo ya pili ndiyo iliyopata umaarufu kwenye televisheni. Ilianzia Japani mwaka 2001, katika kipindi cha Nippon TV kilichoitwa Money no Tora, yaani chui milia wa pesa. BBC ya Uingereza ikaja na Dragons' Den Januari 2005, Wamarekani wakaanza Shark Tank mwaka 2009 katika ABC, na hapa Kenya tukapata KCB Lions' Den mwaka 2016, jopo likiwa na wawekezaji kama Wandia Gichuru, Darshan Chandaria, Olive Gachara, Kris Senanu na Myke Rabar. Kila nchi ilijichagulia kiumbe chake cha kutisha. Wamarekani wakachukua papa, ambaye sisi huku Pwani tunamkausha na kumla.

Nje ya televisheni mambo yalikuwa yakienda kimya zaidi. Y Combinator ilianza Marekani mwaka 2005, ikichukua vikundi vya waanzilishi, kuwafunza kwa miezi michache, kisha kuwapandisha jukwaani siku moja mbele ya wawekezaji wengi. Mtindo huo ndio ulioigwa duniani. Nairobi ilikuwa na Pivot East tangu 2011, kwa kampuni za programu za simu. Mombasa tuna SwahiliPot Hub, karibu na Fort Jesus, ambapo vijana wa teknolojia na sanaa hukutana na kujifunza.

Hisa, na hesabu inayowaangusha wengi

Mpwani hahitaji kufundishwa maana ya hisa kwa lugha ngumu. Wavuvi wetu wakirudi pwani mapato hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, la nahodha, na la kila baharia. Mwenye chombo hakwenda baharini lakini anakula, kwa sababu mali yake ilikwenda. Bahari ikikataa, naye hukosa. Mwekezaji anayenunua hisa ni kama mwenye chombo. Tofauti ni kwamba hisa za kampuni hazigawi samaki wa leo pekee. Zinagawa kampuni yenyewe, na kila itakachozaa siku za mbele.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Kibokoni anatengeneza mabuyu na achari za embe, na binti yake anauza kwa simu hadi Nairobi. Binti anasimama mbele ya jopo na kuomba shilingi 1,000,000 kwa asilimia 10 ya hisa. Kabla hajameza mate, jaji amekwisha piga hesabu: kama sehemu moja ya kumi ni milioni moja, basi binti anasema kampuni yao itakuwa na thamani ya shilingi 10,000,000 baada ya fedha kuingia, yaani 9,000,000 kabla. Yeye hakuitamka milioni tisa. Ameisema bila kujua.

Swali linalofuata ni mauzo ya mwaka jana. Binti anajibu, shilingi 2,400,000. Faida? 600,000. Jaji anaendelea: asilimia 10 ya faida hiyo ni 60,000 kwa mwaka, kwa hiyo milioni yangu itachukua miaka 16 na miezi kadhaa kurudi. Kisha anauliza swali lenye sumu. Mama analipwa mshahara? Halipwi, ni biashara ya nyumbani. Akilipwa 20,000 tu kwa mwezi, faida inashuka hadi 360,000, fungu la jaji linakuwa 36,000, na miaka inafika karibu 28. Jaji anatoa ofa yake: milioni moja kwa asilimia 30.

Hapa ndipo wengi hunyamaza, au huona wametukanwa. Hawajatukanwa. Jaji ameipima kampuni kwa jana yake, nao wajibu wa binti ni kumwonyesha kesho kwa hesabu ileile. Mashine ya kufunga pakiti ni kiasi gani, itaongeza pakiti ngapi kwa siku, alama ya KEBS itachukua muda gani, duka kubwa litanunua kwa bei gani na kulipa baada ya siku ngapi. Maduka makubwa mengi hayalipi siku ya kupokea mzigo, na biashara ndogo inaweza kufa kwa kukosa sukari huku inadai. Akiyajua hayo, anaweza kurudi mezani na asilimia 15 au 20. Asipoyajua, asilimia 30 ni ofa ya haki, hata kama inauma.

Kuna hesabu nyingine ambayo haionekani siku ile. Tuseme amekubali kutoa 30, amebaki na 70. Miaka miwili baadaye anahitaji mtaji zaidi na kampuni inatoa hisa mpya, mwekezaji wa pili akamiliki asilimia 20 ya yote. Fungu la familia linakuwa 56. Raundi ya tatu ya namna hiyohiyo inawaacha na 44.8. Wao ndio waanzilishi, mapishi ni ya bibi yao, lakini katika kura ya wanahisa hawana nusu tena. Si lazima iwe hasara, kwa sababu asilimia 44.8 ya kampuni kubwa yaweza kuzidi asilimia 100 ya jiko la uani. Lakini mtu aingie akijua.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Jukwaani huisha mbele ya kamera. Mfano unaojulikana ni wa Levi Roots, mwanamuziki mzaliwa wa Jamaika, aliyeingia Dragons' Den mwaka 2007 na gita pamoja na mchuzi wake wa pilipili. Alidai ana oda ya lita milioni 2.5, kumbe karatasi ilisema kilo 2,500. Majaji kadhaa wakajitoa. Peter Jones na Richard Farleigh wakampa pauni 50,000, lakini kwa asilimia 40 badala ya 20 alizotaka kutoa. Mchuzi ukaingia maduka ya Sainsbury's na ukamtajirisha. Bahati kama hiyo si ya kuiwekea mpango.

Kukataliwa nako si hukumu ya mwisho. Rob Law alipeleka masanduku ya safari ya watoto, Trunki, mwaka 2006. Jaji mmoja akavuta kamba ikakatika, na akaondoka bila kitu, lakini masanduku hayo yakaja kuuzwa kwa mamilioni. Jamie Siminoff alitoka Shark Tank mwaka 2013 bila mkataba wa kengele yake ya mlangoni yenye kamera. Mwaka 2018 Amazon ikainunua kampuni hiyo, Ring. Visa hivi hupendwa kusimuliwa, nasi tukumbuke kwamba waliokataliwa na kweli wakafilisika hawasimuliwi na mtu.

Riba, na swali ambalo majaji hawaliulizi

Kwa wasomaji wetu wengi swali la kwanza ni la dini: fedha hizi ni halali? Hisa zenyewe, za kugawana faida na hasara, ziko karibu sana na musharaka, ambapo kila mbia anatia mali na hasara hubebwa kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Mudharaba nayo ni mmoja kutoa mali na mwingine kutoa kazi, faida igawanywe kwa uwiano waliokubaliana, na mtaji ukipotea bila uzembe mwenye mali ndiye anayeupoteza. Mjasiriamali Mwislamu ana haki ya kusema mezani kwamba anataka mkataba wa namna hiyo. Asione haya. Wawekezaji hubadilisha masharti kila siku kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Shida huja kwa majina mapya. Mkopo unaogeuka hisa kwa kawaida huwa na riba ndani yake mpaka siku ya kugeuka. Y Combinator ilitoa mwaka 2013 mkataba uitwao SAFE, usio na riba wala tarehe ya kulipa, ambao humpa mwekezaji haki ya kupata hisa baadaye kwa bei itakayojulikana wakati huo. Riba imeondoka, ila bei haijulikani leo, na hilo ni la kupelekwa kwa mwanachuoni anayeelewa biashara kabla ya kutia saini. Vivyo hivyo hisa za upendeleo, zinazomhakikishia mwekezaji arudishiwe kwanza mtaji wake kampuni ikiuzwa. Ni kawaida kabisa kwa wawekezaji, na ndani ya musharaka zina utata.

Makaratasi ya nyumbani

Mkono ukishapeanwa jukwaani, fedha bado. Hufuata wiki au miezi ya uchunguzi, na ahadi nyingi huvunjika hapo bila hata ugomvi. La kwanza kuangaliwa ni kama kampuni ipo. Wafanyabiashara wengi wa Pwani wamesajili jina la biashara tu. Jina la biashara halina hisa, kwa hiyo hakuna cha kumuuzia mtu. Ni lazima iundwe kampuni yenye dhima ya kikomo chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, ambayo inaruhusu hata mtu mmoja kuwa na kampuni, na usajili hufanywa kupitia eCitizen. Jina na nembo visajiliwe KIPI, kwa sababu majaji kwa kawaida hawatii saini ya kutunza siri, na ukumbini kuna masikio mengi. Eleza biashara, usieleze vipimo vya viungo.

Kisha linakuja swali la mali ni ya nani, na hapa sisi tuna matatizo yetu wenyewe. Jiko liko kwenye nyumba ya marehemu babu, mirathi haijagawanywa, na warithi ni tisa. Kiwanja cha Kisauni kinachotajwa kama mali ya kampuni hakina hati. Mashine ya kwanza ilinunuliwa na mjomba aliye Muscat, aliyetuma fedha akasema, "Chukueni, tutaelewana." Je, ilikuwa zawadi, mkopo, au mjomba ni mbia? Siku kampuni ina thamani ya milioni kumi, kila mmoja atakumbuka jibu lake. Mwanasheria wa mwekezaji atalitaka jibu hilo kwa maandishi, na ni heri familia iliandike mapema, mjomba akiwa na moyo mweupe, kuliko kumpigia simu usiku wa kuamkia siku ya kusaini. Na mama, ambaye mapishi ni yake, je, ana hisa zake katika hiyo kampuni mpya, au ameandikwa binti peke yake kwa kuwa ndiye anayejua kompyuta?

Neno moja kwa waandaaji wa mashindano haya hapa Mombasa, Malindi, Kwale na Lamu. Binti wa mfano wetu huuza kwa Kiswahili, hugombania bei kwa Kiswahili, na wateja humdai kwa Kiswahili. Akifika jukwaani huambiwa aeleze kwa Kiingereza, na nusu ya dakika zake tano hupotea akitafuta maneno ya mambo anayoyafanya kila siku. Majaji huandika kwamba hana uhakika na biashara yake. Hakuna sheria inayodai hivyo. Jopo linalokaa Mombasa na lisiloweza kusikiliza hesabu ya mabuyu kwa Kiswahili limejinyima lenyewe faida ya kuwa Mombasa.

Anayejiandaa sasa hivi aanze na daftari la miezi 12 iliyopita, mauzo na gharama, pamoja na mshahara wa kila anayefanya kazi, hata kama haujawahi kulipwa. Slaidi zitatengenezwa kwa siku mbili.