Meza Moja Kabla ya Moto

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Atakayetaka ushahidi na aende Mbeya, kwenye masoko ya Soweto na Mwanjelwa, ambako viazi, ndizi na mchele wa Nyanda za Juu Kusini huuzwa kila siku.

Hapo nyuma serikali na mfanyabiashara hawakuwa watu wa meza moja. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, pamoja na Sheria ya Nguvu Kazi, ambayo mchuuzi asiye na leseni alikamatwa nayo kama mzururaji. Hata milango ya biashara ilipofunguliwa, dhana ilibaki: mmoja aliona mlanguzi, mwingine aliona mgambo.

Desemba 2006 soko la Mwanjelwa liliteketea. Wengi wakahamia eneo la SIDO, nalo likaungua mwaka 2011, kisha tena mwaka 2017. Kila mara ni moto, pole na ahadi. Novemba 2011 machinga na polisi walipambana Mwanjelwa hadi barabara kuu iendayo Zambia ikafungwa. Mabomu ya machozi hayakuleta amani. Vijana walitulia baada ya mbunge wao, Joseph Mbilinyi, kwenda kuzungumza nao. Kumbe mazungumzo yaliwezekana; yalichelewa tu.

Meza yenyewe ipo. Mwaka 2001 Rais Benjamin Mkapa aliunda Baraza la Taifa la Biashara, mwenyekiti wake akiwa Rais, na viti vikagawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali na sekta binafsi. Mabaraza ya mikoa na wilaya yakafuata. Lakini je, muuza viazi wa Soweto ana kiti hapo? Desemba 2018 machinga walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Mwaka 2021 wakaamriwa kuondoka kando ya barabara. Yote mawili yalitoka juu kwenda chini.

Ndugu msikilizaji, halmashauri ina ardhi, maji na sheria. Benki ina mkopo, na kampuni ya bima ina fidia. Lakini mwenye meza ya nyanya ndiye ajuaye waya gani umechakaa, njia gani gari la zimamoto halipiti, na kodi ipi ataimudu. Soko likijengwa bila yeye, huwa zuri machoni na tupu ndani.

Hivyo basi, viongozi wetu wasingoje majivu ndipo waitishe kikao. Wafanyabiashara nao waache kudhani kwamba kulipa ushuru kunamaliza wajibu wao. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ufa huzibwa ukuta ukiwa bado umesimama.