Bharata: Jina la Wafalme na la Nchi

Bharata ni jina la kiume la Kihindu lenye asili ya Kisanskriti, kutokana na mzizi wenye maana ya kubeba na kutunza. Katika Rigveda, maandiko makongwe kuliko yote ya Kihindu, ni jina la kabila. Mfalme wake, Sudas, alishinda muungano wa wafalme kumi kando ya mto Parushni, ambao leo huitwa Ravi.

Katika utenzi wa kale wa Mahabharata, Bharata ni mwana wa Mfalme Dushyanta na Shakuntala, aliyezaliwa na kulelewa msituni. Pandava na Kaurava, pande mbili zinazopigana katika utenzi huo, ni wa uzao wake.

Bharata wa utenzi mwingine, Ramayana, ni mdogo kwa baba wa Rama, shujaa wa utenzi huo. Mama yake, Kaikeyi, alimdaia mwanawe kiti cha enzi, na Rama akapelekwa uhamishoni kwa miaka 14. Bharata alikataa kutawazwa. Aliweka makubadhi ya kaka yake juu ya kiti hicho, akaendesha nchi kwa niaba yake.

Wajaini, wafuasi wa dini ya Ujaini, humtaja Bharata, mwana wa mwalimu wao wa kwanza Rishabha, kuwa mfalme aliyetawala dunia yote. Natyashastra, kitabu cha kale cha tamthilia, ngoma na muziki, nacho hunasibishwa na mwenye hekima aitwaye Bharata.

Kutokana na jina hili Wahindi huiita nchi yao Bharat. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 inayataja majina yote mawili, India na Bharat, katika ibara ya 1.