Kompyuta ya Ng'ambo Haikukwama kwenye Prosesa

Wapangaji wa mji walioletwa Unguja tangu zama za Waingereza waliitazama Ng'ambo, upande wa mji wa nyumba za udongo, wakaona upungufu kabla ya kuona watu. H. V. Lanchester alileta mpango wake mwaka 1923, Kendall na Mill wakaleta wao mwaka 1958, na baada ya Mapinduzi ya 1964 wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakachora mji mpya wa majumba marefu kwa ajili ya serikali ya Mzee Abeid Amani Karume. Nyumba za boriti na udongo zilihesabiwa kuwa za muda tu. Wenyewe wakazikandika upya kila zilipochoka, wakaondoa makuti wakaezeka mabati, wakalea humo watoto na wajukuu. Mwaka 1928 wenye nyumba hizo waligoma kulipa kodi ya viwanja zilipokuwa zimesimama, na mtu hagombei namna hiyo kitu anachokiona kibanda cha kupitia. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa zege miaka ya 1970, nayo yakaja kuwasumbua wakaazi wa ghorofa za juu kwa jambo ambalo zege haliwezi kulitibu: maji hayakupanda. Ukuta ulikuwa na nguvu za kutosha na zaidi, ila aliyepima nguvu za ukuta hakuwa amepima shida ya mkaazi.

Swali linaloulizwa leo kuhusu kompyuta za bei nafuu lina sura hiyo hiyo. Watu huuliza kama prosesa dhaifu inatosha kwa matumizi ya kila siku, kana kwamba mashine nzima ni prosesa. Naona historia ya Ng'ambo inatoa jibu: kwa kazi za kila siku prosesa ya bei nafuu imetosha kwa zaidi ya miaka ishirini, na pale kompyuta ilipomshinda mtu, mara nyingi kilichoshindwa ni kitu kingine.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilikuwa mali ya serikali na ya gharama kubwa: mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga ICT 1500 kutoka Uingereza. Jaribio la kuzitumia kompyuta katika hesabu za serikali halikuenda vizuri, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Mashine haikuwa na upungufu wa hadhi. Kilichokosekana ni watu waliofunzwa, utaratibu wa kazi na vipuri. Zanzibar ilipolegeza biashara katikati ya miaka ya 1980, wakati Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, bidhaa za Dubai zilianza kumiminika katika maduka ya Darajani na mitaa ya jirani. Redio na televisheni zilitangulia, kompyuta zikafuata kwa njia iliyokwisha kufunguliwa, nyingi zikiwa zimetumika maofisini Ulaya na Ghuba.

Baadaye viwanda vyenyewe viligundua soko la watu wasio na fedha nyingi. Aprili 1998 Intel ilitoa Celeron ya kwanza, ya megahezi 266, ikaipunguzia gharama kwa kuondoa kabisa kache ya ngazi ya pili, yaani hifadhi ndogo ya kasi iliyo karibu na prosesa. Ilikuwa nzito, na sifa mbaya ya jina hilo ilianzia hapo. Lakini Agosti mwaka ule ule ikaja Celeron 300A, yenye kilobaiti 128 za kache ndani ya kipande chenyewe. Mafundi wa dunia nzima waliisukuma hadi megahezi 450, ikashindana na Pentium II za bei kubwa. Lawama ya mashine ya miezi minne ndiyo iliyosemwa kwa miaka ishirini iliyofuata, na hata sasa muuzaji wa Mlandege husikia mteja akisema "Celeron sitaki" kabla hajaulizwa anataka kompyuta ya kazi gani.

Kazi yenyewe ndiyo kipimo. Katika steshenari za Ng'ambo kompyuta huandika barua ya maombi ya kazi, hupanga picha za pasipoti nane katika karatasi moja, hufungua matokeo ya mitihani na kutoa chapa fomu za serikali. Mwalimu wa skuli huandaa mitihani na jedwali la alama, na mwenye duka huweka hesabu za stoku. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoichosha prosesa kwa zaidi ya sekunde chache. Mwenye shaka na aangalie dirisha la Task Manager katika kompyuta ya bei rahisi inayolalamikiwa kuganda: mara nyingi prosesa iko asilimia 15 au 20, na diski imesimama 100. Mashine inasubiri sahani ya diski inayozunguka ilete faili, au RAM ya gigabaiti 2 imejaa, ikawa inamwaga mzigo wake kwenye diski hiyo hiyo. Fundi anayejua kazi hafikirii kubadilisha prosesa. Hufungua kasha, hupuliza vumbi kwa blowa, huifuta dawa ya joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya, huongeza RAM, kisha hutia SSD mahali pa diski ya zamani. Mteja hurudi akiuliza kama amepewa kompyuta nyingine.

Halafu kuna umeme, ambao wanaoandika tathmini za prosesa huko nje hawaupi nafasi. Unguja ilitegemea waya mmoja wa chini ya bahari uliolazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei 2008 kisiwa kiliingia gizani kwa takriban mwezi mzima, na Desemba 2009 giza likarudi, likakaa hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 haukuja hadi 2013. Katika miezi hiyo jenereta zilinguruma vichochoroni, na kila wati ililipiwa kwa petroli. Kompyuta ya mezani yenye Pentium 4 ya kasi kubwa iliweza kuwa na prosesa iliyokadiriwa hadi wati 115 peke yake, kabla ya kuhesabu skrini. Atom N270, iliyotoka 2008 kwa ajili ya laptopu ndogo za bei nafuu, ilikadiriwa wati 2.5. Ilikuwa ya polepole, sikatai, na anayeikumbuka ana haki ya kununa. Lakini swali la Ng'ambo mwaka 2009 lilikuwa ipi itakayowaka hadi barua iishe.

Wapo watakaosema kwamba mitumba inaivunja hoja hii: kwa fedha ya Celeron mpya, mtu hupata Core i5 iliyotoka ofisini Dubai, imara na ya kasi zaidi. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa kweli, na wengi wa Ng'ambo walichagua hivyo kwa busara. Lakini pengo limefungika. Prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, ya daraja la chini kabisa na iliyokadiriwa wati 6, inakaribiana na Core i5 ya mezani ya kizazi cha sita iliyokadiriwa wati 65. Uganda ilipopiga marufuku kompyuta zilizotumika mwaka 2010, hoja ilikuwa takataka za elektroniki. Hoja hiyo si ya kupuuza kisiwani, ambako kila kasha linaloingia bandari ya Malindi haliondoki tena.

Pingamizi zito zaidi ni la anayehariri video za harusi au kurekodi muziki. Huyu prosesa ndogo haimtoshi, wala asidanganywe. Kazi yake ni ya studio, na studio hupanga bajeti yake. Tatizo linakuja pale mahitaji yake yanapogeuzwa kuwa kipimo cha mwanafunzi wa Kwahani au Kikwajuni, mzazi akaambiwa akope hadi afikie i7 au aache kabisa. Nisichokubali, kwa upande mwingine, ni kutumia neno "inatosha" kumuuzia mtu laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4 iliyochomelewa kwenye bodi na hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 32, ambayo Windows yenyewe huijaza karibu yote. Hapo prosesa haina kosa. Mashine imefungiwa njia ya kutengenezwa, na jambo ambalo Ng'ambo imelifanya vizuri siku zote, kukandika upya kilichochoka, halifanyiki.

Siku hizi hata viwanda havimalizi maisha ya kompyuta kwa udhaifu wa prosesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11 ina Celeron N4000, kipande cha viini viwili cha bei ya chini kabisa, huku Core i7-7700 yenye viini vinne, inayoizidi kwa mbali, ikiachwa nje. Mwenye i7 hiyo Darajani atashauriwa aweke Linux, au apitie njia za mkato, au aendelee hivyo hivyo bila kinga mpya. Jina la Celeron nalo Intel imeliondoa katika laptopu mpya tangu 2023. Vipande vya daraja hilo huuzwa kwa jina la Intel Processor tu, na mteja anayesema "Celeron sitaki" huondoka na kimojawapo bila kujua.