Sikio Lisilo la Kufa

Wahenga walinena kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo hutupiwa mtu mkaidi, na katika miaka yangu ya ualimu niliisikia ikitamkwa madarasani mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mtoto anaitwa mara mbili haitiki. Anaulizwa hili, anajibu lile. Basi hukumu imekwisha pita. Lakini yapo masikio ambayo hayakufa wala hayana ukaidi wowote. Yamezibwa na nta tu. Kumhukumu mwenye sikio la namna hiyo kwa methali ni kumwonea.

Nta ya sikio si uchafu, ijapokuwa tumezoea kuiita hivyo. Hutengenezwa na tezi zilizomo katika ngozi ya sehemu ya nje ya mfereji wa sikio. Hunasa vumbi, huilinda ngozi isiloane kupita kiasi, na husaidia kuzuia vijidudu vya maradhi. Ngozi ya mfereji huo husogea polepole kutoka ndani kwenda nje, na mwendo wa taya tunapotafuna na kuzungumza huisaidia. Kwa hiyo masikio ya watu wengi hujisafisha yenyewe. Matatizo huanza pale tunapoingiza njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, kifuniko cha kalamu au kijiti cha pamba. Tunadhani tunaitoa nta, kumbe tunaishindilia kwenye kiwambo. Wengine, hasa wazee na wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia, huzibwa hata bila ya kujichokonoa.

Binadamu hakuanza leo kuhangaika na jambo hili. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Mrumi aitwaye Celsus aliandika kwa Kilatini kitabu kikubwa cha tiba. Humo alieleza kwamba mtu aliyepungukiwa na usikivu achunguzwe sikio kwanza, kwa sababu huenda kuna kidonda ndani, au huenda ni taka zilizojikusanya. Ikiwa ni taka ngumu, alishauri zilainishwe kwa siki yenye magadi kidogo, kisha sikio lioshwe. Sisemi mtu akachukue siki na magadi ya jikoni. Hayo tumwachie Mrumi. Ninachokistaajabia ni mpangilio wake: tazama, lainisha, ndipo uoshe. Karibu miaka elfu mbili imepita, na mpangilio huo haujapinduliwa.

Kuhusu kuosha, kuna kisa kilichotokea Vienna, Austria, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Daktari kijana, Robert Bárány, alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa bomba la maji, na baadhi yao wakashikwa na kizunguzungu. Mgonjwa mmoja alimwambia kwamba kizunguzungu humjia maji yasipokuwa na moto wa kutosha. Yakaletwa ya moto zaidi. Kizunguzungu kikaja vile vile, ila safari hii macho ya mgonjwa yalichezacheza kuelekea upande mwingine. Bárány hakulipuuza jambo hilo. Alikumbuka jinsi maji ya moto yanavyopanda juu na ya baridi yanavyoshuka katika chombo cha kupashia maji ya kuogea, akatambua kuwa umajimaji ulio ndani kabisa ya sikio, mahali panapotawala usawa wa mwili, huchukuliwa na joto au baridi kwa namna hiyo hiyo. Baadaye, majaribio yaliyofanywa katika anga za juu mwaka 1983 yalionyesha kwamba maelezo hayo hayatoshelezi yote, lakini kipimo chake kinatumika hospitalini hadi leo. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari zilimkuta akiwa mateka wa vita nchini Urusi.

Hapo ndipo inapopatikana kanuni ambayo kila nyumba ingefaa kuijua: kinachoingia sikioni kiwe na uvuguvugu wa mwili. Chupa ya dawa ya matone ishikwe kiganjani dakika chache kabla ya kutumiwa, wala isichemshwe. Mgonjwa alale ubavu, sikio lenye shida likiwa juu. Mtu mzima avutwe sikio kidogo kwenda juu na nyuma ili mfereji unyooke. Yatiwe matone yanayotajwa kwenye maelezo ya dawa, akae hivyo dakika tano hivi, kisha aiache itiririke nje. Matone ya mafuta ya zeituni kwa kawaida hutumiwa kwa siku tatu hadi tano. Yapo pia yenye peroksidi, dawa ambayo asili yake ni ugunduzi wa Mfaransa Thénard wa mwaka 1818. Hayo hutoa povu na mchakato wa kusikika, na hilo lisimtishe mtu. Nta ikivimba, usikivu waweza kupungua kwa muda kabla ya kurudi.

Lakini Celsus alisema tutazame kwanza. Sikio linalouma, linalotoa usaha au damu, lililowahi kutoboka kiwambo au kupasuliwa, lisitiwe tone lolote mpaka mganga aliangalie. Vivyo hivyo kwa mtoto mdogo. Dawa ikiwasha au ikileta maumivu, iachwe. Na anayepoteza usikivu kwa ghafla asikae nyumbani akihesabu matone. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Nilipokuwa nikiongoza chuo cha ualimu, niliwaambia wanachuo kwamba mwalimu ana daftari la mahudhurio, lakini hana daftari la masikio. Mtoto aweza kuwapo darasani kila siku ya mwaka, na nusu ya masomo isimfikie. Anayegeuza kichwa upande mmoja, anayemtazama mwenzake kabla ya kufungua kitabu, anayeandika imla yenye maneno ya ajabu, huyo apelekwe zahanati kabla ya kupelekwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Huenda nta isiwe ndiyo sababu. Huenda ikawa ndiyo, na siku chache za matone zikamrudishia mwalimu wake.